Kuchukua avoka Lubumbashi: pesa, karatasi na siku ambazo mteja hapaswi kuzikosa

Mbele ya tribinali za Lubumbashi, siku ya odiansi, watu wawili wanaweza kukaa kwenye benchi moja na kila mmoja kumzungumzia avoka wake kwa namna yake. Wa kwanza alishindwa kesi, lakini mpaka leo akimkuta Metre wake njiani anamsalimia kwa mikono miwili. Wa pili alishinda, parsele ilirudi mikononi mwake, na bado hataki kusikia hata jina la yule aliyemsambia.

Ukisikiliza vizuri malalamiko ya wateja, hukumu yenyewe haiko mbele. Mbele iko kutokujua. Mteja hajui dosye imefika wapi, hajui pesa yake ililipa nini, hajui juu ya nini kesi imetiwa remize kwa mara ya sita. Akipiga simu anajibiwa maneno ambayo kila mwenye kesi katika mji huu anayajua kwa kichwa: "Mama, dosye iko inaendelea." Inaendelea kwenda wapi, hapo hakuna jibu.

Kumbe mambo mengi mteja anaweza kuyahakikisha mwenyewe, hata kama hakusoma droa.

Kila mtu anaitwa "Metre"

Kwenye lango la tribinali mtu yeyote mwenye koti na mfuko wa karatasi anaitwa Metre. Sheria haiwachanganyi hivyo. Ordonansi-sheria namba 79-028 ya tarehe 28 Septemba 1979, ambayo ndiyo inapanga kazi hii katika Kongo, inatenganisha avoka na defanseri judisieri. Avoka ameandikwa kwenye baro, na baro inafuatana na Korti ya rufaa. Anaweza kusamba kwenye tribinali ya amani, ile watu wanaita tripe, kwenye tribinali kubwa (TGI), mpaka kwenye Korti ya rufaa. Defanseri yeye kazi yake iko kwenye tripe na TGI. Kesi ikipanda Korti ya rufaa, hawezi kupanda nayo.

Hiyo haimaanishi defanseri hafai. Kwa kesi ya deni dogo, ya mpangaji na bayeri, ao ya urithi mbele ya tripe, wako madefanseri wenye kujua kazi vizuri na bei yao iko chini. Lakini mteja anapaswa kujua mapema kwamba, kama kesi itaenda rufaa, atatafuta mtu mwingine na atalipa tena.

Kisha kuna avoka stajiere. Huyu ni avoka kweli, lakini angali katika miaka 2 ya mazoezi chini ya mkubwa wake. Malalamiko yanayorudi sana ni haya: familia ilienda kwa jina kubwa lililoandikwa kwenye mlango wa kabine, ikalipa bei ya jina lile, na siku ya odiansi akatokea kijana ambaye hawajawahi kumuona. Sheria haikatazi stajiere kusamba. Wengine wanafanya bidii kuliko wakubwa wao, kwa sababu wanatafuta jina. Ubaya ni kwamba mteja hakuambiwa. Swali la kuuliza siku ya kwanza ni fupi: nani hasa atasimama mbele ya mwamuzi?

Wa mwisho ni komisioneri. Huyu hajaandikwa popote. Anamkuta mama mwenye mtoto amekamatwa, anamwambia "mimi najua njia", anamshika mkono mpaka kwa mtu fulani, na anakula pande mbili. Njia ya kumtambua iko rahisi: sekretaria ya baro inatunza orodha ya maavoka wote, wale wa tablo na wale wa staji. Mtu anaweza kwenda pale na kuuliza kama jina fulani liko. Kwa madefanseri, swali linaulizwa kwenye TGI, kwa sindiki wao.

Pesa, na mifuko yake minne

Tuchukue mfano wa mama mmoja wa Katuba mwenye parsele inayogombaniwa na shemeji zake baada ya kifo cha mume. Anaenda kwa avoka. Anaambiwa alete dola 100 ya kufungua dosye. Wiki inayofuata 50 ya usafiri. Baadaye 150 "ya grefe". Kisha 200 "ya kumuona mwamuzi". Mwezi wa tano ameuza friji, hana hata karatasi moja mkononi, na hawezi kueleza watoto pesa ilienda wapi. Kiasi kinabadilika kwa kila kesi, lakini mpango wa mambo ni huo huo.

Pesa anazoombwa mteja ziko za aina tofauti na hazipaswi kuingia mfuko mmoja.

Kuna fre: kufungua dosye, fotokopi, usafiri, barua. Kuna onorere, ndiyo malipo ya kazi na akili ya avoka. Bei yake wanaipatana wawili hao kabla ya kazi kuanza, kwa kuangalia uzito wa kesi na uwezo wa mteja. Maavoka wengi wanaongeza asilimia juu ya kile kitakachopatikana mwishoni. Hapo kuwe na uangalifu. Kanuni za kazi yao hazitaki avoka awe mshirika katika mali inayogombaniwa, kiasi kwamba malipo yake yote yatoke katika kuigawa. Avoka anayesema "usilipe kitu, tukishinda tutagawa parsele nusu kwa nusu" anaonekana mwema siku ya kwanza. Mwishoni mteja anakuta amepata ndugu mpya katika urithi.

Mfuko wa tatu ni pesa ya serikali: konsinyasio na taksi zingine za grefe. Hizi si za avoka hata kidogo. Zinalipwa na zinatoa risiti yenye jina la mteja ao namba ya kesi. Mteja ana haki ya kuiona na kubaki na kopi. Ni sawa na kosio, pesa inayowekwa ili mtu mwenye kufungwa atoke kwa muda: inawekwa mahali panapojulikana, karatasi inatoka, na inarudishwa kama mshitakiwa ameheshimu masharti na kufika kila alipoitwa. Familia nyingi hazijui kwamba kosio inarudi. Wanafikiri ni faini, wanaisahau, na mara nyingi kuna mtu ambaye hasahau.

Mfuko wa nne hauna jina kwenye karatasi yoyote. Ni pesa "ya mwamuzi", "ya majistra", matabishi. Tusifichane, wateja wengi wenyewe ndio wanaiuliza: "Metre, tumupatie ngapi?" Wanaona bila hiyo kesi haitembei. Sheria ya adhabu iko wazi kwamba mwenye kutoa na mwenye kupokea wote wanaadhibiwa. Lakini hata mtu asiyejali sheria angepaswa kufikiri hesabu yake. Hakuna risiti. Hakuna njia ya kujua kama ilifika, ao ilibaki katika mfuko wa aliyeibeba. Upande wa pili naye anaweza kutoa, na kutoa zaidi. Na siku mambo yakiharibika, mteja hawezi kwenda kulalamika popote, maana atajishitaki mwenyewe. Katika habari zote mbaya kati ya wateja na maavoka, pesa hii ndiyo inaharibu urafiki haraka kuliko nyingine zote, kwa kuwa ikishatoka hakuna tena anayeweza kumuuliza mwenzake swali la kweli.

Dawa ya mambo haya haina uchawi: barua ya mapatano, hata ya ukurasa mmoja, yenye saini mbili. Iandike kesi ni ipi, onorere ni ngapi na italipwa kwa vipande gani, fre zinahesabiwa namna gani, na hasa mapatano yanafika wapi. Je, ni mpaka hukumu ya tripe tu? Rufaa iko ndani ao ni mapatano mapya? Na kuchukua hukumu, kuipeleka kwa mpinzani, kumtoa mtu ndani ya nyumba, ni nani atalipia? Wengi wanagundua siku ya furaha, hukumu ikiwa imesomwa, kwamba kazi kubwa ya kuitekeleza haikuwa ndani ya bei.

Avoka mzuri haogopi barua hiyo. Inamlinda yeye pia, maana wateja wenye kukimbia na deni wako wengi.

Namba ndogo yenye nguvu

Kila kesi ina namba. Ikiwa iko parke, inaanza na RMP. Ikifika tribinali kama kosa la jinai ni RP, ikiwa ya madai ni RC. Kwenye rufaa ni RPA ao RCA. Mteja mwenye namba hii anaweza kwenda mwenyewe kwa grefye kuuliza kesi iko siku gani, na anaweza kusoma orodha ya kesi inayobandikwa kwenye tribinali kabla ya odiansi. Mteja asiyekuwa nayo anategemea simu ya mtu mmoja tu. Ni ajabu kuona watu wenye kesi ya miaka mitatu ambao hawajawahi kuiuliza.

Odiansi ziko wazi kwa watu wote, isipokuwa mwamuzi ameamua mlango ufungwe. Kwa hiyo mteja anaweza kukaa nyuma na kusikia kwa masikio yake remize ilitolewa juu ya nini. Mara nyingine waamuzi hawakutimia. Mara nyingine mpinzani hakupewa barua ya kuitwa kwa wakati, ao avoka wa upande wa pili anaomba kwanza kupewa kopi za vielelezo. Hizo ni sababu za kweli na haziko kosa la avoka wako. Lakini kama remize tatu zimetoka kwa sababu avoka wako hakufika, hiyo pia utaisikia.

Jambo ambalo watu hawaelezwi kabisa ni makazi ya kuchaguliwa. Katika karatasi nyingi za kesi mteja anaandikwa "amechagua makazi kwenye kabine ya avoka wake". Ni desturi ya kazi, na ina faida: wisye, yule anayepeleka barua za tribinali, anajua mahali pa kuziacha. Ila maana yake ni kwamba hukumu inaweza kuletwa kwenye kabine, na siku zikaanza kuhesabiwa, wewe ukiwa nyumbani Ruashi hujui kitu.

Na siku ziko chache. Kwa kesi ya jinai, mtu aliyehukumiwa akiwepo ana siku 10 za kwenda rufaa kuanzia siku hukumu iliposomwa. Kwa kesi ya madai ni siku 30 tangu hukumu ilipopelekwa rasmi. Zikipita, hata mwenye haki kama jua la saa sita, Korti itamwambia amechelewa. Avoka aliyenyamaza kwa sababu mteja hakumaliza onorere amemtia mteja hasara ambayo haiponi. Aliyepiga simu siku ileile na kusema "tumeshindwa, tuna siku 10, amua" amefanya kazi yake, hata kama alishindwa. Avoka anadaiwa bidii na ukweli, ushindi hawezi kuuahidi. Yule anayeuahidi siku ya kwanza ndiye wa kuogopa.

Pale avoka anapokuambia usishitaki

Wateja wenye kusifu maavoka wao wanarudilia jambo moja: aliniambia ukweli mapema. Mfano wa kila siku ni deni. Mtu amekopesha jirani dola 500, jirani halipi, anataka afungwe leo. Kuna mwenye kumpokea haraka, kumpeleka kwa opeji, na kugeuza deni kuwa utapeli ao kuvunja uaminifu. Jirani analala kolokoloni, anaitisha naye avoka wake, anatoka, anashitaki kwa kukamatwa bure. Deni bado liko pale pale. Avoka mwenye akili anasema: kukosa kulipa deni peke yake si kosa la kufungwa, hii ni kesi ya madai, na kabla yake tuandike kwanza barua ya kudai. Kwa barua ile peke yake watu wengi wamelipwa. Avoka amepata pesa kidogo, na amepata mteja wa maisha.

Kazini ni vilevile. Mfanyakazi aliyefukuzwa na kampuni, tuseme ya sutretanse kwenye migodi, hawezi kukimbilia moja kwa moja tribinali ya kazi. Kode ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inataka mgogoro upite kwanza kwa inspekta wa kazi kwa kupatanishwa. Ukienda tribinali bila hatua hiyo, kesi haipokelewi. Anayekuchukua onorere ya kesi kabla ya kukutuma kwa inspekta anakula pesa ya bure.

Kwa mtu aliyekamatwa, mizani ni nyingine: ni saa. Katiba ya 2006, kifungu cha 18, haikubali mtu akae kizuizini cha polisi zaidi ya saa 48. Zikiisha, anaachiliwa ao anapelekwa kwa wakubwa wa sheria. Kifungu hicho kinampa pia haki ya kuwasiliana mara moja na familia na mshauri wake. Kifungu cha 19 kinasema anaweza kusaidiwa na mtetezi aliyemchagua tangu uchunguzi wa polisi. Opeji anayesema "avoka atakuja tribinali, hapa haingii" anakosea. Na avoka anayengoja mpaka mtu afike Kasapa ndipo aende kumuona kwa mara ya kwanza, familia inaweza kumuuliza alikuwa wapi.

Asiyekuwa na kitu

Sheria ileile ya 1979 inalazimisha baro kuwa na biro ya mashauri ya bure kwa watu wasio na uwezo. Biro hiyo inaweza kumteulia mtu avoka bila kumlipisha onorere. Mara nyingi inaombwa karatasi ya umaskini, inayotafutwa komine ao kwenye huduma ya mambo ya kijamii. Tatizo linajulikana: avoka aliyeteuliwa halipwi vizuri, saa zingine halipwi kabisa, na usafiri ni wake. Matokeo yake dosye za bure ndizo zinaachiwa mastajiere, na ndizo zinalala. Mwenye kuteuliwa avoka hivyo anafanya vizuri kuchukua namba ya kesi na kufuata mwenyewe, kwa upole lakini kila wiki.

Kwa mambo ya ubakaji na jeuri ya kingono, sheria namba 06/019 ya tarehe 20 Julai 2006 inasema mwathirika asaidiwe na mshauri katika hatua zote, na inaweka miezi 3 ya kusikiliza na kuhukumu tangu wakubwa wa sheria walipopewa kesi. Familia inayoambiwa "tupatane tu kwa mbuzi na pagne" ijue kwamba kuna mlango mwingine.

Makosa ya wateja

Maavoka nao wana habari zao. Mteja anaficha kwamba parsele aliuza mara mbili, na jambo linatoka kinywani mwa mpinzani mbele ya mwamuzi. Mteja anachukua maavoka wawili kwa siri, kila mmoja anaandika kivyake, na karatasi zinapingana. Mteja anaenda usiku kwa majistra na bahasha bila kumwambia mtu, kisha asubuhi anamlaumu Metre kwamba hana nguvu. Siri ya kazi inamfunga avoka. Unalomwambia katika kabine halipaswi kutoka. Kumdanganya yeye ni kulipa daktari na kumwonyesha mguu mzima.

Na orijinali za vielelezo, sertifika ya anrejistremo, kontra ya kuuza, atestasio ya kifo, zibaki nyumbani. Avoka anafanya kazi na kopi. Akihitaji orijinali ya kumwonyesha mwamuzi, iletwe siku hiyo na irudi siku hiyo, ao iachwe kwa karatasi yenye saini yake.

Mambo yakiharibika

Mteja ana haki ya kumtoa avoka wakati wowote, kama avoka naye anavyoweza kujitoa kwa kumjulisha mapema. Hatua ya kwanza ni barua kwake mwenyewe, yenye akize ya kupokelewa, ikiomba hali ya dosye na hesabu ya pesa. Inashangaza mara ngapi barua hiyo inatosha. Ikikosa jibu, barua ya pili inaenda kwa Batonye, mkubwa wa baro, ikifuatana na kopi za risiti na barua ya mapatano. Yeye anawaita wote wawili, anajaribu kuwapatanisha, na kama kosa ni zito linaenda mbele ya Baraza la baro. Adhabu ziko nne: kuonywa, kukaripiwa, kusimamishwa kwa muda usiopita mwaka 1, ao kufutwa kabisa. Asiyekuwa na risiti hata moja naye anasikilizwa, lakini neno lake linapambana na neno la mtu ambaye kazi yake ni kusema.

Avoka mpya, kabla ya kushika dosye, atauliza kama wa zamani amelipwa kazi aliyoifanya. Si ubaya, ndiyo kanuni kati yao. Mteja aende pale na hesabu yake iliyoandikwa, namba ya kesi, na tarehe ya odiansi inayofuata.